Vali Iliyozaliwa Nchi Kavu

Wazee wa Kimeru wanaposimulia walikotoka, hawaanzii mlimani. Wanaanzia kwenye maji makubwa, mahali panapoitwa Mbwaa, ambako watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune, waliwatawala na kuwatesa. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana. Mmoja ulikuwa hivi: tunda la mviringo liliangushwa ndani ya shimo refu na jembamba, kisha wakaambiwa walitoe bila kulitoboa. Hakuna mkono uliofika chini. Mwishowe jibu likapatikana: miminieni maji. Shimo likajaa, tunda likaelea mpaka juu. Baadaye, wakitoroka, kiongozi wao Koomenjue aliyapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika, watu wakavuka. Kwa masimulizi hayo, waliovuka usiku, waliovuka alfajiri na waliovuka jua likiwaka ndio asili ya mbari nyeusi, nyekundu na nyeupe.

Wanahistoria wamebishana sana kuhusu mahali hasa Mbwaa ilipokuwa, na wengine wameielekeza kwenye visiwa vya Lamu. Mimi kilichonivutia ni kitu kingine. Katika hadithi nzima hakuna shujaa anayebana pumzi. Hakuna anayeshinda maji kwa nguvu ya mapafu. Maji yanashindwa kwa akili na kwa kifaa, na wanaoyashinda ni watu ambao baadaye wanaishi mbali kabisa na bahari.

Nimeikumbuka hadithi hii kila ninapoulizwa swali ambalo mtu wa Embu aliyejifunza kupiga mbizi Diani hawezi kulikwepa. Wasee wa nyumbani huuliza: sasa hiyo itakusaidia nini huku, kwa kahawa na muguka? Na wale wa pwani huuliza swali la pili, la kitaalamu kidogo: regulata gani ni ya kuaminika? Nimegundua kwamba maswali haya mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe limo ndani ya historia ya kifaa hicho.

Regulata ni kile kifaa ambacho mpiga mbizi hukiuma mdomoni, kikiwa kimeunganishwa kwa mpira na mtungi wa hewa ulio mgongoni. Mtungi uliojazwa huwa na presha ya baa 200 hivi. Gurudumu la gari dogo hubeba kama baa 2. Yaani mgongoni umebeba presha mara mia ya ile ya tairi, na mapafu yako hayawezi kupokea hata sehemu ndogo ya hiyo bila kupasuka. Kazi ya regulata ni kuipunguza mpaka ilingane na presha ya maji yanayokuzunguka, na kukupa hewa pale tu unapovuta. Usipovuta, inanyamaza. Ni mlinzi wa geti mwenye adabu: hafungui mpaka uombe, na ukiomba hakawii.

Sasa, ukiuliza mlinzi huyu alizaliwa wapi, wengi watasema baharini. La hasha. Alizaliwa mgodini.

Mnamo 1860, mhandisi wa migodi wa Kifaransa, Benoît Rouquayrol, alisajili hataza ya kifaa cha kuwasaidia watu kupumua ndani ya migodi iliyojaa gesi na moshi. Aliyemlenga alikuwa mwokoaji: mtu anayeingia kwenye shimo lenye sumu kumtoa mwenzake. Afisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, alikiona kifaa hicho, akafikiria maji, na kufikia 1864 walikuwa wamekigeuza kuwa cha kupiga mbizi. Kabla yao, wapiga mbizi wa Ulaya walivaa kofia nzito ya chuma iliyosukumiwa hewa na pampu bila kukoma, upumue usipumue. Rouquayrol na Denayrouze walileta wazo la kuombwa kwanza. Jules Verne alikipenda kifaa hicho hata akakitaja katika riwaya yake maarufu ya safari za chini ya bahari, ya 1870. Tatizo lilikuwa chuma cha enzi hizo: hakikuweza kubeba hewa ya presha kubwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mpiga mbizi alibaki amefungwa kwa mpira wa pampu iliyokuwa juu.

Wazo likalala kwa miaka karibu themanini. Lilipoamka, halikuamkia baharini pia. Liliamkia kwenye boneti ya gari.

Kuanzia 1940 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani na petroli ilikuwa adimu. Watu waligeuza magari yatumie gesi. Mhandisi Émile Gagnan, mwajiriwa wa kampuni ya gesi ya Air Liquide mjini Paris, alitengeneza vali ndogo ya kuipa injini gesi kwa kadiri inavyoihitaji. Kwetu tungesema ni ufundi wa jua kali wenye stakabadhi za kiwanda: huna petroli, lakini lazima gari litembee. Mwishoni mwa 1942, afisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau alimwendea akitafuta vali ya kumpa mtu hewa chini ya maji kwa namna hiyohiyo. Injini huvuta, mapafu huvuta. Tofauti ni kwamba injini ikikosa, unashuka unaisukuma.

Jaribio la kwanza, mapema 1943, lilifanyika katika Mto Marne, karibu na Paris. Mto, jameni, si bahari. Cousteau alipolala kifudifudi, kifaa kilifanya kazi vizuri. Aliposimama wima, hewa ikatoka ovyo ikapotea. Alipogeuka kichwa chini, hewa ikawa ngumu kuvutwa. Waliketi wakafikiri, wakagundua sababu: tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na kiwambo cha kupokelea hewa, kwa hiyo mwili ulipobadilisha mkao, kimoja kilikuwa kwenye maji ya kina zaidi kuliko kingine. Tofauti ya sentimita chache za maji ilitosha kuivuruga vali yote. Dawa ilikuwa kuviweka viwili hivyo pamoja. Kufikia kiangazi cha mwaka huo, Cousteau alikuwa akiogelea baharini kusini mwa Ufaransa bila kamba wala pampu. Baada ya vita kifaa hicho kikauzwa duniani kote kwa jina la Aqua-Lung.

Nakaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinasema jambo ambalo matangazo ya madukani hayasemi. Vali ileile, fundi yuleyule, chuma kilekile: mkao mmoja ni salama, mkao mwingine ni hatari. Uaminifu wa regulata haukai ndani ya chuma peke yake. Unategemea maji inayotumbukizwa, na mtu anayeweza kuifungua, akaelewa kilichoharibika, akarekebisha.

Kenya, kifaa hiki kiliingia kwa mlango wa pwani na kikabaki huko. Kazi moja kubwa iliyofanywa nacho ni ya 1977 hadi 1980, mbele ya Fort Jesus, Mombasa. Meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishirikiana na wanaakiolojia wa majini, wakiongozwa na Robin Piercy, kuichimbua chini ya maji. Vitu walivyotoa ukivitazama leo kwenye makumbusho ya Fort Jesus, kumbuka kwamba vilipandishwa na watu waliokuwa wakipumua kupitia vali ya gari la gesi.

Lakini picha iliyotukaa vichwani si ya wanaakiolojia. Ni ya mtalii. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na tangu hapo mtungi mgongoni umekuwa kitu cha matumbawe, samaki wa rangi na bei ya dola.

Mwaka huohuo wa 1968, jambo jingine lilitokea bara, na hapa ndipo nyumbani kunapoingia. Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme kwenye Mto Tana. Likafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ndani ya miaka 20, ukingo wa kusini wa Embu, nchi kavu ya Mbeere, ulipata msururu wa maziwa. Masinga peke yake, likijaa, hutandaa kilomita za mraba zipatazo 120. Bonde lililokuwa na mto wa kuvuka likawa na maji ambayo ng'ambo yake huioni vizuri asubuhi ya ukungu. Maji yenyewe ni yetu pia: Thiba na Rupingazi hushuka kutoka Mlima Kenya, na mito ya Meru na Tharaka kama Mutonga na Kathita hujiunga na Tana kule chini zaidi.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja, nchi moja iliweka alama kwenye maji ya aina mbili. Yale ya pwani yalipata hifadhi, na kwa muda vituo vya mbizi, walimu na mafundi vikakua kandokando yake. Yale ya Tana yalipata mitambo ya umeme. Wavuvi walikuja wenyewe na mitumbwi, vijana walikuja kuogelea sikukuu, akina mama walikuja na mitungi ya njano kuteka maji. Na ajali nazo zikaja.

Niliwahi kusimama ufukweni mwa Kamburu siku ya tatu ya msako wa kijana aliyezama. Sitamtaja, familia yake inajijua. Wanaume wawili wa pale walikuwa wakizama kwa zamu, kamba ya nailoni kiunoni, mwenzao juu ya mtumbwi ameishika. Mmoja akiingia, watu wote ufukweni walikuwa wakibana pumzi pamoja naye bila kujua. Akitoka, anatikisa kichwa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu alisema kwa upole, "Hawa vijana wanatafuta kwa mikono. Macho hayafanyi kazi huko chini." Nilimuuliza kama kuna wenye mitungi ya hewa karibu. Akanijibu, "Karibu ni wapi, mwanangu?"

Swali lake ndilo limenifanya niandike haya. Karibu ni wapi?

Tazama jinsi nchi nzima ilivyosubiri mwaka 2019. Tarehe 29 Septemba, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na binti yake. Hapo ni Mombasa penyewe, mlangoni mwa jeshi la majini, mji wenye wapiga mbizi. Hata hivyo ilichukua siku 13 kulitoa. Lilikuwa kina cha zaidi ya mita 50. Kwenye kina hicho presha inayokuzunguka ni zaidi ya mara sita ya ile ya juu ya maji, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakula hewa ya mtungi mara sita zaidi, na muda wa kufanya kazi unabaki dakika chache tu. Ikiwa pale ilikuwa siku 13, hesabu ya kwetu inakuwaje? Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi, katika kaunti jirani ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Waliotangulia kuingia majini ni watu wa hapohapo, kwa sababu ndio waliokuwa hapo.

Basi turudi kwenye swali la pili, la regulata ya kuaminika. Ukiuliza mtandaoni utapewa majina ya kampuni. Mimi nitakupa maswali, na yote yanatoka kwenye somo lile la Mto Marne.

La kwanza: utaizamisha kwenye maji gani? Sehemu ya kwanza ya regulata, ile inayofungwa kwenye mtungi, huundwa kwa namna kuu mbili. Kuna ya pistoni, yenye vipande vichache vinavyosogea, imara na rahisi kuhudumia, lakini katika miundo mingi maji huingia mpaka kwenye springi yake. Kuna ya kiwambo, ambapo utando hutenga maji na mitambo ya ndani, na iliyofungwa kabisa hairuhusu hata tope kupenya. Kwa maji safi ya Diani, ya pistoni itakutosha. Kwa chai ya maziwa ya Kamburu, chukua ya kiwambo iliyofungwa. Punje za udongo ndani ya vali ni kama mchanga ndani ya kufuli.

La pili: hewa ikipungua mtungini, itabadilika? Regulata iliyosawazishwa hukupa pumzi laini ileile mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umekaribia kuisha. Isiyosawazishwa huanza kuwa nzito mwishoni, yaani wakati mbaya zaidi.

La tatu: ikiharibika, itaharibika vipi? Hili watu hulisahau. Vali ya mdomoni kwenye regulata nyingi za leo imeundwa ili ikifeli imwage hewa badala ya kuifunga. Utapoteza hewa kwa kelele nyingi, lakini utaweza kupumua ukipanda. Na kila seti iwe na kipande cha pili cha mdomoni, kwa kawaida cha rangi ya njano, cha kumpa mwenzako akiishiwa. Anayemtafuta mtu gizani hafai kwenda na pumzi moja tu.

La nne: imepimwa na nani? Tafuta alama ya kiwango, kwa mfano EN 250 ya Ulaya. Kisha angalia shingo ya mitungi inayopatikana unakopigia mbizi kabla ya kununua, maana kuna miunganisho ya aina mbili, ya kubana na ya kuskurubu, na regulata nzuri isiyoingia kwenye mtungi ni pambo la sebuleni.

La tano ndilo kubwa: nani ataifungua? Watengenezaji wengi hutaka sevisi kila mwaka au kufuatana na idadi ya mbizi iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Ndani kuna mipira midogo na viti vya vali vinavyochakaa hata kifaa kikikaa tu kabatini. Fundi lazima awe amefunzwa kwa modeli hiyo, na spea ziwe bado zinatengenezwa. Ndiyo maana regulata ya mtumba ya bei poa inaweza kuwa ghali kuliko mpya: uliza rekodi ya sevisi, na kama hakuna, jumlisha gharama ya sevisi kwenye bei kabla hujafurahi. Regulata ya kati yenye fundi Nairobi au Mombasa ni bora kuliko ya kifahari ambayo fundi wake yuko ng'ambo.

Kabla ya kuingia majini, fanya mambo mawili yasiyogharimu hata shilingi. Mtungi ukiwa umefungwa na mpira hauna presha, vuta kwa mdomo: hewa ikiingia, kuna mahali panavuja. Kisha fungua mtungi, pumua mara kadhaa huku ukitazama geji. Mshale ukicheza juu chini kila unapovuta, mtungi haujafunguliwa vizuri au kuna kizuizi. Rudi, usijipe moyo.

Kisha kuna la huku kwetu, ambalo mwalimu wa pwani huenda asilitaje kwa sababu halimhusu. Masinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kawaida ya mbizi yametungwa kwa usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 kwenda juu hesabu ya muda wa kukaa chini hubadilika, kwa sababu hewa ya juu ya maji ni nyepesi na gesi iliyoyeyuka mwilini hutoka kwa haraka zaidi. Regulata yenyewe itajirekebisha, mwili wako hautajirekebisha. Vilevile, ukipiga mbizi Diani asubuhi usipande basi la Meru jioni hiyo. Meru iko juu, na damu yako haijamaliza kutoa ilichokibeba. Na hakuna regulata inayozuia mamba, kiboko, wala mvuto wa maji yanayoingia kwenye mitambo ya umeme. Kazi ya kutafuta mtu bwawani ni ya waliofunzwa kazi hiyo, wakiwa na kamba, mwenzao juu, na wasimamizi wa bwawa wakijua kwamba kuna watu chini.

Ukiyaweka maswali hayo pamoja, utaona kwamba mengi hayamhusu mnunuzi mmoja. Mtu binafsi anaweza kuchagua kiwambo badala ya pistoni. Hawezi peke yake kuleta kompresa ya kujazia mitungi Kiritiri, wala kumsomesha fundi, wala kuwafunza wale wanaume wawili wa Kamburu ambao tayari wana ujasiri na wanalijua bwawa kuliko mgeni yeyote. Hayo ni mambo ya kaunti, ya bajeti, ya vikao ambavyo vijana wa mjini kama sisi hatuhudhurii. Seti chache za vifaa, fundi mmoja na wapiga mbizi kumi waliofunzwa kati ya Embu na Meru: hicho si kitu cha anasa kwa wilaya za zamani ambazo mito yake imewasha taa za Nairobi kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo mtu akiniuliza regulata gani ni ya kuaminika, nami humuuliza: utaizamisha wapi, na nani ataifungua ikikataa? Akiwa wa Diani, tunamaliza kwa dakika tano. Akiwa wa nyumbani, tunakaa, tunaagiza chai, na tunaanza na mgodi wa Rouquayrol: mtu anaingia shimoni kumtoa mwenzake, na kuna waliotengeneza kifaa ili naye arudi.